Ufunguo wa Ghala: shajara ya wimbo wa roki na video yake, Moshi

10 Februari 2024: Kwa nini 1937, kwa nini 2137

Tunatengeneza wimbo mmoja wa roki kwa Kiswahili, pamoja na video yake, hapahapa Moshi. Shajara hii ni ya mtu mwenye gitaa, kompyuta ya kawaida na akiba ndogo anayetaka kufanya kazi kama hii. Kila hatua ikikamilika nitaandika kilichojaribiwa, kilichoshindikana na fedha iliyotoka. Tuko wanne: mwimbaji, ambaye ni dada anayefundisha sekondari, mpiga besi, mpiga ngoma, na mimi ninayepiga gitaa na kukaa kwenye kompyuta.

Wimbo unatokana na vurugu za kahawa za mwaka 1937. Kwa asiyetoka Kilimanjaro: wakulima wa huku walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Ikaja amri kwamba kahawa yote ya Mchaga ipitie huko, hakuna kuuza pembeni. Bei ya dunia nayo ilikuwa imeanguka kwa mdororo wa miaka ile. Mkulima akawa anapeleka mzigo ghalani, anapewa malipo ya kwanza, kisha anakaa kusubiri bei ambayo hakuipanga wala hakuulizwa. Mwaka 1937 uvumilivu ukaisha. Watu waligoma, maghala yakavamiwa, polisi wakaletwa, na waliohesabiwa kuwa vinara wakakamatwa.

Wengi husimulia habari hii kama ugomvi wa wakulima wasioelewa ushirika, nami siamini hivyo. Chama kilikuwa cha kwao, kahawa ya kwao, jasho la kwao. Walichokidai ni sauti katika bei. Hasira ya namna hiyo ina anwani, na wimbo wa roki usio na anwani ni kelele tu.

Video itakuwa ya mwaka 2137, miaka 200 baadaye. Ghala lipo bado. Mizani inaongea, bei inatangazwa na mashine, na wanaosimama foleni ni watoto wa watoto wa wale wa 1937. Tumejiwekea sharti moja gumu: kila kitu cha 2137 kitengenezwe kwa vitu vinavyopatikana Moshi leo. Magari ya kupaa hayatakuwepo.

Tumeulizwa mara kadhaa kwa nini isiwe hip hop, kwa kuwa ukanda huu ndio nyumbani kwake. X Plastaz wa Arusha walishaunganisha hip hop na sauti ya Kimasai miaka mingi iliyopita, na wengi wetu tulikua tukiwasikiliza. Jibu langu ni kwamba habari hii ina umati ndani yake, na gitaa zito lenye kikwaruzo linaujaza uwanja kama umati unavyoujaza.

2 Machi 2024: Maneno

Kiitikio tulikitaka kifuate mizani nane kwa nane, kama tarbia za shuleni, ili mtu akisikia mara moja aweze kukiimba. Mstari wa kwanza ulikuja mapema na haujaguswa tena:

*Ghala kwetu, ufunguo / kwa nani umebakia?*

Wa pili ndio uliotusumbua. Ulikuwa hivi: *Mizani mmeishika, / na bei mwaitamka.* Kwenye karatasi umekaa vizuri, mizani imetimia, vina vipo. Mdomoni uligoma. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "mwaitamka" silabi hiyo ni "m" peke yake. Mwimbaji anatakiwa apige ukelele juu ya herufi inayofunga midomo. Alijaribu kuusogeza ukelele kwenye "ta", na hapo neno likasikika kama linasemwa na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Tukabadilisha:

*Mizani mmeishika, / na bei mwatupangia.*

"Ngi" inabeba ukelele, "a" inabaki wazi hata pumzi ikiisha, na kina kimerudi kwenye "umebakia". Kwa anayeandika roki kwa Kiswahili, jaribio ni hili: imba mstari kwa sauti ya juu kabisa kabla hujaupenda.

Tatizo la pili lilikuwa la mapigo. Rifu nyingi za roki, yaani vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa, zinatua kwenye pigo la kwanza, na ukiandika kwa mazoea utataka silabi ya mwisho ya mstari itue hapo hapo. Kiswahili hakikubali, kwa sababu silabi ya mwisho ni nyepesi. Tumesogeza mistari yote mbele kidogo: silabi yenye mkazo inagonga pigo la kwanza, ya mwisho inaanguka nyuma yake, na gitaa linanyamaza nafasi hiyo. Baada ya hapo wimbo mzima ulianza kutembea.

Gharama: hakuna.

23 Machi 2024: Rifu na mvumo

Waya nzito ya gitaa tumeishusha kutoka E hadi D. Hivyo kidole kimoja kinabana waya tatu za chini na kodi nzito, yaani noti zinazolia pamoja, inabadilishwa haraka, jambo linalofaa kwa mapigo 144 kwa dakika. Waya zikishushwa hulegea na kugongana na shingo ya gitaa. Tumenunua seti nene zaidi. Nyaya, kebo na vijiti vya ngoma: shilingi 95,000. Leseni ya Reaper, programu ya kurekodia, ni dola 60. Tulilipa kama shilingi 158,000. Ina muda wa majaribio wa siku 60, kwa hiyo unaweza kuanza kujifunza kabla hujalipa.

Kilichotukwamisha ni mvumo. Amplifaya ikiwashwa, chini ya kila noti kulikuwa na sauti nzito isiyoisha, na kikwaruzo kikiongezwa nayo inaongezeka. Ni umeme wa nyumba wenyewe, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na masikio yanasikia mvumo huo pamoja na ule wa mara 100 kwa sekunde. Tulibadilisha kebo, hakuna tofauti. Tukaukata kwa programu, gitaa likabaki jembamba kama redio ya mkulima. Fundi umeme alifungua soketi akatuonyesha: tundu la tatu lipo kwa sura, nyuma yake hakuna waya. Nyumba haikuwa na athi, ule waya wa kwenda ardhini. Alipiga nondo ya shaba ardhini, upande wa jikoni ambako udongo hukaa na unyevu, akavuta waya hadi chumba cha kurekodia. Vifaa na kazi yake: shilingi 55,000. Mvumo ulipungua hadi kiwango cha kuvumilika, na uliobaki unategemea umesimama wapi. Gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya waya) za koili moja likigeuzwa robo mzunguko mbali na kompyuta hunyamaza karibu kabisa. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kuondoa kelele, fungua soketi, na ufunguliwe na fundi.

20 Aprili 2024: Chumba

Masika haya mvua haijatuhurumia, na paa ni la bati. Kurekodi ni asubuhi tu, kabla mawingu hayajashuka.

Chumba kina kuta za saruji tupu, ukipiga kofi linakujibu. Ushauri tuliopewa na kila mtu ni trei za mayai. Tulizibandika ukuta mzima. Zinapunguza mlio wa juu kidogo, ule wa "s" na matoazi, halafu besi na ngoma kubwa zinaendelea kuvuma kama hakuna kitu, kwa hiyo matokeo yanakuwa mabaya zaidi: chumba kinasikika kama mtu amefunikwa blanketi kichwani huku miguu ikicheza. Sauti nzito ina mawimbi marefu. Inataka unene, na karatasi haina unene.

Dawa tuliipata Chekereni, kwenye mashine za kukoboa mpunga wa skimu ya Lower Moshi. Pumba za mpunga zinarundikwa nje, unalipia gunia na upakiaji tu. Tulijaza magunia, tukayashona midomo, tukayapanga kwenye pembe nne za chumba kutoka sakafuni hadi darini, maana besi hujikusanya pembeni. Mbele ya mpiga ngoma tukasimamisha magodoro ya kuazima. Magunia, pumba na kuzisafirisha: shilingi 38,000.

Mambo mawili ya tahadhari. Pumba zina vumbi kali linaloingia kooni kwa mwimbaji, kwa hiyo kila gunia livalishwe shuka kuukuu. Pili, zinaweza kushika moto. Hakuna mshumaa wala sigara humo ndani, hata umeme ukikatika.

18 Mei 2024: Ngoma, besi, sauti

Seti ya ngoma na maikrofoni tulikodi kwa kwaya moja: shilingi 150,000. Ngoma na besi zimepatikana bila shida. Sauti ya dada ilirekodiwa kwa awamu fupi fupi ili koo lake lisiumie, kiitikio mwisho. Utangulizi tumeuacha wazi kwa sekunde 22. Pale inakuja mashine ya kumenya kahawa, na kahawa haijaiva.

15 Juni 2024: Mavazi, taa na kitambaa

Mavazi yote yametoka Memorial, kwa wauza mitumba. Moshi ina bahati moja ambayo miji mingi haina: kwa sababu ya wapanda Mlima, jaketi za baridi kali, suruali za kuteleza kwenye theluji na miwani ya barafuni hufika sokoni kwa wingi. Ukikata mikono ya jaketi hizo, ukazishona kwenye viroba vya mbolea na kanga, unapata vazi ambalo si la leo na bado mtu wa Pasua analitambua. Jumla: shilingi 87,000, pamoja na ujira wa fundi cherehani, ambaye ndiye aliyebuni kola ndefu ya wenye foleni. Alisema, "Mwanangu, hawa watu wa baadaye watakuwa wanajificha na jua." Alikuwa sahihi, tukaitumia kwa wote.

Walinzi wa ghala walihitaji uangalifu wa aina nyingine. Mavazi yanayofanana na sare za jeshi yamekatazwa kwa raia, na hatukutaka mshiriki wetu yeyote apate matatizo njiani. Hakuna rangi ya jani, hakuna madoadoa, hakuna buti za kijeshi, hakuna kitu chenye sura ya bunduki. Walinzi wetu wamevaa makoti ya mvua ya njano na helmeti za pikipiki zilizopakwa rangi ya fedha, na wanachoshika ni mizani ndogo ya mkononi. Nimegundua wanatisha zaidi hivyo. Anayekupimia ana nguvu kuliko anayekupiga.

Taa ni zile za mkanda wanazofunga bodaboda, volti 12, na betri za pikipiki za kuziwasha. Jumla: shilingi 126,000. Jaribio la kwanza liliharibika lote: kwenye kioo cha simu kulikuwa na mistari myeusi inayopanda na kushuka. Kuna sababu mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni taa za nyumbani. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zinarekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde zikitoka kiwandani, kasi inayoendana na nchi za hezi 60 kama Marekani. Weka fremu 25 na kasi ya shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50, mistari ya taa za ukutani inaondoka.

Ya pili ni kile kidude cha kupunguza mwanga kinachouzwa na taa za mkanda. Hakipunguzi umeme, kinauwasha na kuuzima haraka haraka, jicho halioni ila kamera inaona. Kiondoe. Unganisha taa moja kwa moja kwenye betri, na mwanga ukizidi ufunike kwa kipande cha kiroba cheupe cha unga. Mwanga unaopita kwenye kiroba una mfumo wa kusokotwa juu yake, na ngozi ya dada chini ya mwanga ule ilionekana kama imeandikwa. Tumeuacha hivyo kwenye video yote.

Kisha kitambaa. Tulinunua cha kijani kama wanavyofundisha wote, tukakitundika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Kichaga, ili baadaye nyuma ya wakulima tuweke jiji la 2137. Programu ikaambiwa iondoe kijani. Ikaondoa kitambaa, ikaondoa migomba, ikaondoa mibuni, na ikamtoboa dada mahali jani lilipomwakisia mwanga shavuni. Kihamba chote ni kijani! Tumehamia bluu, kitambaa kilekile cha sare za shule, na hakuna anayevaa bluu siku ya kazi. Vitambaa viwili kwa pamoja: shilingi 42,000. Ukipiga picha Kilimanjaro nje ya mji, usinunue cha kijani kabisa.

6 Julai 2024: Mashine ya kumenya

Nilitaka wimbo uanze na chuma cha wakulima wenyewe. Kibosho, kwa babu yake mpiga besi, ipo mashine ya kumenya kahawa ya kuzungusha kwa mkono: mpini wa chuma uliolainishwa na viganja, pipa la ndani lenye vinundu, na mdomo wa juu wa kumiminia kahawa mbivu. Machi tulikwenda, tukaizungusha tupu, tukarekodi. Ilisikika kama mlango wa geti. Tukajaza maharage yaliyolowekwa, yakatoa sauti ya kusaga isiyo na maji ndani yake. Babu alikuwa amekaa pembeni akitutazama. Akasema, "Wajukuu zangu, mashine tupu haina la kusema. Subirini kahawa."

Tumesubiri hadi sasa, na ametuitia majirani wa chini walioanza kuchuma mapema. Nilishika kinasa sauti karibu na mdomo wa mashine. Kahawa inapoingia kuna mlio laini wa maganda kupasuka, halafu punje zinaruka zinagonga bati la chini, halafu maji ya mfongo, mfereji wa huku, yanayapeleka maganda pembeni. Ni sauti tatu kwa kila mzunguko, na ya katikati ina mng'ao ambao hakuna ngoma ya kompyuta inayoweza kuutoa. Maikrofoni ilivalishwa soksi ya sufu kwa ajili ya upepo.

Nyumbani nilikata kila mzunguko na kuupanga sawasawa kwenye mapigo 144. Ikafa. Ilikuwa sahihi na haikuwa na mtu ndani. Dawa ilikuwa kuuacha mkono wa babu ulivyo kwa sekunde zote za utangulizi, kisha kuuvuta taratibu mwishoni ili mzunguko wa mwisho ukutane na pigo la kwanza la ngoma. Kinachosikika sasa ni mtu mmoja anafanya kazi, halafu watu wote wanaingia kwa mwendo wake.

Babu alizaliwa baada ya KNCU, na habari za 1937 alizipata kwa baba yake. Nilimuuliza baba yake alikuwa upande gani. Alinijibu kwamba alikuwa upande wa kahawa yake. Jibu hilo limeingia kwenye ubeti wa pili karibu neno kwa neno, kwa ruhusa yake.

27 Julai 2024: Ghala na umati

Ghala la kwanza tulilokubaliana nalo tulinyimwa siku chache kabla ya kazi. Mwenye nalo alisikia neno "vurugu" akaogopa, na amana ya shilingi 100,000 haikurudi. Hatukuwa tumeandikishana. La pili limepatikana upande wa viwandani kwa shilingi 200,000, safari hii kwa maandishi, na tulimpa mwenyewe maneno yote ya wimbo ayasome kabla ya kulipa. Aliyasoma taratibu mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kubaki na nakala.

Mkusanyiko wenye kelele na mavazi ya ajabu unaweza kuwatia watu hofu. Tulipita kwa mwenyekiti wa mtaa, tukatoa taarifa kituo cha polisi, tukaweka bango langoni kwamba video inarekodiwa, na tukazunguka nyumba za jirani kwa miguu. Kuna waliouliza tunamsema nani wa leo. Niliwajibu ninavyoamini: tunamsema anayeshika mizani peke yake, na kila zama zina wake. Kwa picha za angani tuliachana na droni, kwa sababu kibali chake kina taratibu zake kupitia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na muda wetu haukutosha. Tulipanda juu ya paa la jengo la pili.

Washiriki walikuwa kumi na wanane: vijana wa mtaani, wanafunzi, na akina mama wa kikundi cha kukopeshana. Nauli na chakula: shilingi 210,000. Video inahitaji umati wa zaidi ya mia. Mbinu ni ya zamani: simu inafungwa kwenye stendi isitikisike, watu walewale wanasimama eneo moja la picha, wanarekodiwa, wanabadilishana majaketi na helmeti, wanahamia eneo la pili, na kadhalika, vipande sita vikiunganishwa unapata watu 108.

Jaribio la kwanza, vipande havikuungana. Simu ilikuwa inajiamulia mwanga na rangi yenyewe, kila kundi likatoka na weupe wake, na mpaka kati yao ukaonekana kama ukuta. Funga mwanga, funga rangi, funga ulengaji, vyote kwa mkono, na usiiguse simu hadi mwisho. Vivuli navyo vilihama kadiri jua lilivyopanda. Hapo Julai ya Moshi ilitusaidia: asubuhi nyingi mawingu yametanda, hakuna kivuli, na mwanga unabaki uleule kwa saa nyingi. Tulirudia kesho yake kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi na kila kipande kikakaa mahali pake.

Tukio la kati ni kufunguliwa kwa mlango. Nilikuwa nimepanga umati uuvunje. Mama mmoja wa kikundi aliuliza, "Mlango wa kwenu unauvunja wa nini?" Swali lake lilibadilisha video. Sasa umati unafika, mlinzi anasimama, na kila mmoja anatoa mfukoni ufunguo wake na kuuinua. Funguo zote zilikuwa za kweli, za nyumba na makabati ya washiriki wenyewe. Ukizitazama kwa karibu utaona mmoja umefungwa uzi mwekundu na mwingine una rangi ya kucha kichwani, ili mwenyewe asiuchanganye. Tulivirekodi viganja hivyo kimoja kimoja. Hakuna kitu nilichokitengeneza kwa kompyuta chenye nguvu kama hiyo picha.

Petroli ya jenereta, kwa kazi hii na usiku wa kurenda (kompyuta kugeuza michoro kuwa picha za video): shilingi 64,000.

24 Agosti 2024: Mlima wa 2137

Sekunde 40 za video zimetengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Kinachoonekana ni Moshi kwa mbali, paa za mabati zilizojaa sola, na Mlima.

Mlima ndio uliochukua muda wote. Kati ya 1912 na 2011 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro ilishapotea, kwa hiyo mwaka 2137 siwezi kuichora pale juu na kubaki mkweli. Niliiondoa. Niliowaonyesha waliniuliza ni mlima gani huu. Bila weupe, Kibo peke yake ni kilima kikubwa cha kahawia. Niliongeza Mawenzi upande wa kulia na tandiko kati yao, kama inavyoonekana ukisimama Moshi, na hapo kila mtu akautambua, wengine kwa kuumia.

Tukaongeza wazo: mwaka 2137, juu ya kilele cha mita 5,895 kuna barafu ya mwanga, inayorushwa kwa mashine ili watalii waendelee kuja. Toleo la kwanza lilipendeza mno, watazamaji wakadhani ni barafu ya kweli. Sasa inakatika kidogo tangu sekunde ya kwanza, ina mistari ya kioo, na ndani yake zinapita tarakimu za bei ya kahawa ya siku hiyo. Funguo zikiinuliwa, inazimika.

Kurenda: sekunde 40 kwa fremu 25 ni fremu 1,000, na kila fremu ilikuwa inachukua kama dakika 6, yaani saa 100 za kompyuta kuwaka mfululizo. Usirende moja kwa moja kuwa faili la video. Umeme ulikatika usiku, faili likaharibika, kazi yote ikapotea. Renda picha moja moja za PNG ndani ya folda; umeme ukirudi unaendelea na fremu iliyofuata. Pia nilipunguza sampuli (mara ambazo kompyuta hukokotoa mwanga wa kila nukta) na kuwasha kiondoa chenga kilichomo humo humo, kila fremu ikashuka chini ya dakika 2. Kwenye simu hakuna atakayeona tofauti.

14 Septemba 2024: Kuunganisha na hesabu

Uhariri umefanyika kwa DaVinci Resolve ya bure. Sisi tunatumia Linux, na toleo la bure la Linux halifungui video za muundo wa H.264 zinazotoka kwenye simu. Juu ya hilo, simu hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika; midomo ya dada ilianza sawa na wimbo, ikafika ubeti wa pili imeachwa nyuma. Dawa ya yote mawili ni moja: geuza kila faili kwa ffmpeg, programu ya kugeuza faili, kuwa DNxHR, muundo wa video wa kuhariria, yenye fremu 25 zisizobadilika, na sauti iwe WAV. Andaa nafasi, maana dakika 4 zinafika kama GB 5.

Usajili wa kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wa kikundi BASATA, baraza la sanaa, uko njiani. Ada zake sijazijumlisha hapa. Vingine vyote ni shilingi 1,325,000. Karibu theluthi moja ni ghala, amana iliyopotea, jenereta na athi. Ukipiga video yako nje mchana, na nyumba yako ina waya uliokamilika, utatumia chini ya laki tisa na nusu.

Wimbo una dakika 3 na sekunde 52. Watu wa kwanza kuuona walikuwa washiriki wenyewe, ukutani kwa projekta ya kuazima, kwenye ghala lilelile. Mwenye ghala aliomba urudiwe.

Kazi zilizobaki: toleo la redio, ambalo wanataka liwe fupi, na nimekataa kukata sekunde 22 za babu, kwa hiyo solo ya gitaa ndiyo itakayopunguzwa, na manukuu ya Kichaga cha Kibosho, ambayo babu amesema atayasimamia mwenyewe baada ya msimu wa kuchuma. Faili ya mlima ya Blender na sauti za mashine ya kumenya tunazitoa bure kwa anayetaka kuzitumia, kwa sharti la kutaja kwamba zimetoka Kibosho.